Ukuta Usio na Paa

Shangazi yangu ana ugonjwa wa kushukuru. Hushukuru mlango ukifunguka bila kulia. Hushukuru kiberiti kikiwaka kwa njiti ya kwanza. Siku aliyong'olewa jino nilimsikia kwa masikio yangu akiliambia asante, eti limemtafunia miaka yote hiyo bila kulalamika. Mimi mwenye bucha sina mdomo huo. Kwangu mteja akitoa chake nampa chake, tumemalizana, aje mwingine. Mtaani wanasema ukoo wetu ulipogawana tabia, shangazi alichukua asante zote, mimi nikaachiwa kisu.

Wengi wanamjua kwa jina la utani tu, Mama Tumbusi, na wakilitaja hucheka. Wacheke. Mimi ndiye niliyekua mgongoni mwake, kwa hiyo acha nimweleze mimi.

Mama yangu alifariki nikiwa bado natambaa. Baba akaenda kutafuta kazi mbali, na huko mbali kukammeza. Shangazi, dada yake baba, alikuwa mjane asiye na mtoto, anaishi kwenye vyumba viwili vyenye bati lililotoboka, na kibarua chake kilikuwa kuosha matumbo machinjioni. Alinibeba mgongoni akaenda nami kazini, na mpaka leo, mimi nimeota mvi, yeye bado yuko pale pale.

Kazi yenyewe si ya kujivunia mbele za watu. Wanawake huketi kwenye kingo mbili za saruji zenye mfereji katikati, kila mmoja na beseni lake na buti za mpira miguuni. Ng'ombe akishapasuliwa, matumbo huletwa kwa toroli yakiwa bado yana joto. Unayapasua, unamwaga samadi, unayageuza ndani nje kama soksi, unasugua kwa chumvi, unasuuza, unasugua tena mpaka yawe meupe. Mvivu hujulikana jikoni, sufuria ikianza kuchemka. Matumbo ya shangazi hayajawahi kumwaibisha mpishi, na mimi nimeyala mpaka nikaota ndevu.

Nyuma ya machinjio kuna uwanja ambako masalia hutupwa: mifupa, vipande vilivyokataliwa na mkaguzi, uchafu usio na jina. Kando yake imesimama mikaratusi mirefu, na kwenye hiyo mikaratusi ndiko wanakolala tumbusi. Kama hujawahi kumwona tumbusi, hujapoteza urembo wowote. Ni ndege wa mizoga, wa kahawia, uso mtupu usio na manyoya, mabega ameyainua kama mtu anayesubiri kesi yake iamuliwe. Mmoja wao shangazi alimwita Mwenyekiti, kwa sababu wengine hawakuthubutu kushuka kula kabla yake. Waliobaki wote ni kamati.

"Sisi tunaosha ndani, wao wanaosha nje," alikuwa akisema. "Na hawa hawajawahi kudai hata sabuni."

Kila asubuhi, akimaliza beseni la kwanza, aliinua macho mtini na kuwaambia asante. Wanawake wenzake walizoea. Mimi nilimwambia kwamba ndege hajui Kiswahili. Akanijibu kwamba hata mimi nilipokuwa mchanga sikujua, na bado alinisemesha.

Shida ilianza na mbwa koko. Uwanja ule ulikuwa wazi, na mbwa hana haja ya kualikwa kwenye mifupa. Walikuja wawili, wakaitana, wakazaana, mwisho ikawa kupita njia ya machinjioni ni kuuza roho. Mke wangu aliumwa shavu la mguu asubuhi moja akiniletea chai. Alichomwa sindano mfululizo, na kila akichomwa alinitazama kama vile mimi ndiye niliyemng'ata. Sisemi uongo: nilitaka mbwa wale waondoke, kwa njia yoyote ile. Shangazi naye alitaka waondoke. Alimkanda mke wangu mguu kwa maji ya moto na hakuwatetea mbwa hata kwa neno moja.

Halmashauri ikafanya ilichozoea kufanya. Vipande vya nyama vyenye sumu viliwekwa jioni, na kesho yake mizoga ya mbwa ikazolewa na lori. Lakini mbwa aliyekula sumu hafii palepale akusubiri. Wengine walikwenda kufia vichakani. Na mzoga ukilala kichakani, nani huuona wa kwanza?

Asubuhi ile shangazi alimaliza beseni la kwanza, akainua macho, akakuta matawi meupe kwa kinyesi na karibu hayana kitu. Alizunguka nyuma. Walikuwa wamelala chini ya mikaratusi, mabawa wazi, kama nguo zilizoangushwa na upepo kutoka kwenye kamba. Waliobaki hai mtini ungewahesabu usimalize vidole vya mikono yako. Mwenyekiti alikuwa mmoja wao, na hakushuka siku hiyo wala ya pili.

Shangazi hakulia pale. Alimwokota mmoja, akamfunga kwenye aproni yake ya plastiki, akavuka barabara na buti zake hivyo hivyo mpaka ofisi ya bwana afya. Huyu bwana afya alikuwa kijana mstaarabu, mgeni kazini, shati limenyooshwa mpaka mikono inasimama yenyewe. Shangazi akamlaza ndege mezani.

"Shikamoo, Mama. Hiki nini tena?"

"Marahaba, mwanangu. Huyu ni mfanyakazi mwenzangu. Amefia kazini. Nimekuja kutoa taarifa."

Mtu mwingine angemfukuza. Yule kijana alisimama, akamtazama yule ndege kwa muda mrefu, kisha akamshika shangazi mkono akampeleka kwenye bomba, akamnawisha kwa sabuni mara kadhaa kama anavyonawishwa mtoto, maana sumu haichezewi. Waliporudi akamvutia kiti.

"Mama, hawa wako kwenye orodha ya ndege wanaoelekea kutoweka duniani," alisema. "Kuna sehemu walikuwa wamejaa, leo huwaoni. Sumu ndiyo inayowamaliza zaidi."

"Sasa wakiisha hawa, mizoga ataila nani?"

"Mbwa."

"Na mbwa wakizidi?"

"Tutatia sumu."

Bwana afya alinieleza baadaye kwamba katika masomo yake yote hakuna swali lililomkaa kooni kama lile.

Kuanzia siku hiyo shangazi hakunyamaza. Alizunguka kwa wachinjaji, kwa wachuna ngozi, kwa mama wa chai, shuleni, msikitini na kanisani. Pale penye watu wawili yeye alikuwa wa tatu. Alikuja hata buchani kwangu siku ya Jumamosi, foleni imetoka nje ya mlango, akasimama kando ya gogo la kukatia nyama. Mteja anataka nyama ya kuchoma, anapewa habari za tumbusi! Mama mmoja aliyevaa vizuri akaweka nyama yake chini akaondoka ameziba pua.

"Shangazi, utanifungia duka," nikamwambia.

"Duka lako lina paa, lina mlango, lina kufuli. Wenzangu wana nini?"

Nikaendelea kukata mifupa, tena kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Lakini nitasema lililo kweli: kabla ya jua kuzama, wateja watatu walirudi kuniuliza habari za yule mama, na mmoja alikuwa fundi mwashi.

Wazo la ukuta lilizaliwa kwenye mazungumzo ya shangazi na bwana afya. Nani alianza, kila mmoja anamtaja mwenzake. Shangazi alisema mbwa hana mabawa. Bwana afya akasema, basi tuweke masalia mahali ambapo asiye na mabawa hafiki. Ukuta mrefu kuliko mtu, wenye eneo kama darasa moja refu, mlango wa chuma wa kupitishia toroli, na juu wazi. Bwana afya alikwenda kwa wakubwa wake kuomba sumu isimamishwe, na akarudi na nusu ya alichoomba.

"Wamekubali kusubiri, Mama. Mvua zikianza nitakuja kukagua nikiwa na mkubwa wangu. Tukikuta masalia yameliwa na uwanja ni safi, sumu basi. Tukikuta yameoza, ndege wameshindwa kazi. Sumu itarudi, na safari hii sitaweza kuizuia."

"Asante, mwanangu."

"Usinishukuru bado."

"Hiyo ni ya leo. Ya siku hiyo ninayo nyingine."

Tofali zilikuja kwa michango ya watu, moja moja na kumi kumi. Mimi nilizibeba kwenye gari la nyama, nikalisafisha siku nzima baadaye huku nikitukana. Fundi mwashi aliyetoka kwenye foleni yangu akajenga, na fundi wa kuchomelea vyuma akatengeneza mlango usiopenyeka hata na paka. Msimamizi wa kila kitu alikuwa Kisu. Huyo ni mkuu wa wachinjaji, pande la mtu, mpole mpaka unajiuliza ng'ombe humwogopea nini. Kwa shangazi alikuwa mtoto tu. Alimwita Mama na kumbebea beseni.

Ukuta ukafanya kazi yake. Mbwa walikuja, wakazunguka, wakakojoa kwenye tofali kwa hasira, wakahamia kwingine, ambako daktari wa mifugo aliwafuata na chanjo zake. Mwenyekiti alikaa juu ya ukuta siku nyingi akikagua. Hatimaye akashuka, na kamati ikashuka nyuma yake. Walikula, na wakishashiba walirukia ukutani kwanza, wakapumua, ndipo wakapanda mtini kama watu wazima wanaopanda ngazi baada ya karamu. Mfupa ulibaki mweupe. Nzi wakakosa la kufanya.

Ndipo macho ya shangazi yakadai zamu yao. Alikuwa na mtoto wa jicho, haoni tena chembe za samadi kwenye tumbo jeupe, na hiyo kwake ilikuwa aibu kubwa. Nikampeleka hospitali kubwa, akafanyiwa upasuaji, akamshukuru daktari, nesi, mwenye kufagia wodi na taa ya dari. Kisha nikamweka kwangu apone. Bwana afya alituma salamu kwamba mawingu yanakusanyika, ajiandae kwa ukaguzi. Shangazi akasema hana wasiwasi, wenzake wako kazini.

Siku aliyofunguliwa bandeji kabisa alitaka kupelekwa machinjioni kabla hata ya kwenda kwake. Nikampeleka. Tulipokata kona, kitu cha kwanza alichokiona kwa jicho lake jipya ni bati. Bati jipya, linameremeta kwa jua lote la asubuhi, limefunika uwanja wa masalia kutoka ukuta hadi ukuta.

Wachinjaji na waosha matumbo walikuwa wamejipanga mbele yake, wamevaa aproni safi. Kisu alikuwa mbele, anatabasamu mpaka masikio yamesogea.

"Karibu, Mama. Ulituondolea mbwa, tukajiuliza tukulipe nini. Tukaona kazi yako umeiacha bila paa, na mvua hizo zinakuja. Tumekumalizia. Kila mtu ameleta bati lake."

Nilitazama juu. Tumbusi wote walikuwa mtini, mabega juu, wanalitazama bati. Harufu ilitufikia kabla hatujafika mlangoni. Ndani mlikuwa na giza, na nzi walikuwa wakiimba.

"Na ndege?" nikauliza. "Mlitaka waingie wapi?"

"Tumewawekea dirisha," Kisu akasema, akaonyesha kwa fahari. Kweli, kwenye ukuta ulioelekea mikaratusi palikuwa na dirisha zuri, la kupigwa lipu pembeni, limeachwa wazi.

Damu ikanipanda. "Dirisha! Wewe umewahi kuona tumbusi anabisha hodi? Huyu mama amezunguka mji mzima, amedharauliwa, ametemewa mate, nyinyi mnaifungia kamati yake nje kwa bati! Ukaguzi ni wiki hii, mnalijua hilo?"

Tabasamu la Kisu lilianguka. Wanawake wakatazama buti zao. Nilikuwa na mengine tayari mdomoni, lakini shangazi alinishika kiwiko, na mkono wa mwosha matumbo si mkono wa kubishana nao.

Akasogea mpaka ukutani. Akanyoosha mkono juu, akaligusa bati kwenye ukingo wake, akakigusa na kichwa cha msumari.

"Limepigiliwa vizuri," akasema. "Asante, Kisu. Asante, wanangu. Nani alileta hili la pembeni? Wewe? Asante. Na wewe, na watoto wote wale nyumbani, umepata wapi nafasi ya bati? Asante." Akamshukuru kila mmoja, hakuruka mtu, huku nzi wakituingia puani. Alipomaliza ndipo akasema, "Sasa, wanangu, nina ombi. Naomba mnifunulie. Wenzangu wale wanashuka kutoka juu, hawajui kupinda."

Kisu alikwenda akachukua nyundo mwenyewe, akapanda. Msumari wa kwanza ulilia ulipong'oka, na mimi nikaona yule pande la mtu anajifuta macho kwa bega. Nikavua shati nikapanda nikamsaidia. Kulitukana jambo ni rahisi kuliko kulibomoa, jasho lilinifundisha hivyo.

Jioni uwanja ulikuwa wazi tena, mabati yameegemezwa nje. Masalia yaliyooza tuliyafukia, tukaweka mapya. Tumbusi hawakushuka. Kesho yake hawakushuka. Kwao mahali pale palikuwa pamebadilika, na ndege aliyeponea sumu hapendi mabadiliko. Manyunyu ya kwanza yalidondoka, yakakauka. Halafu lango likagongwa: bwana afya na mkubwa wake, mzee wa miwani mwenye haraka zake.

Mzee alichungulia uwanjani kupitia mlango wa chuma. Nyama ya tangu jana ilikuwa palepale, imeanza kubadilika rangi.

"Hii ndiyo kazi ya ndege?" akauliza.

Shangazi alieleza yote, bati na dirisha, bila kumtupia mtu lawama. Niliona mzee anatazama saa yake. Bwana afya aliona pia. Akakunja shati lake lililonyooshwa, akaketi kwenye ukingo wa saruji wenye unyevu, pale pale wanapoketi waosha matumbo.

"Mkubwa," akasema, "naomba tunywe chai kwanza."

Mama wa chai akaleta. Mzee, kwa shingo upande, akaketi. Shangazi hakuketi. Alisimama chini ya mikaratusi, mikono nyuma, akaanza kuwasemesha kwa sauti ya chini kama anavyosemeshwa mtoto anayekataa uji. Sikusikia alichosema. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe sinywi, na nilikuwa nikiomba. Mimi, nikimwombea tumbusi!

Mwenyekiti alijinyoosha. Alishuka mpaka ukutani, akakaa. Akatazama juu, pale palipokuwa na bati, akatazama tena. Kisha akashuka. Nyuma yake mmoja, nyuma yake wawili, mpaka mti ukabaki mtupu. Kikombe cha pili kilipoisha, mzee alichungulia tena: pale chini palikuwa na mifupa tu.

Mzee alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Wanakula kwa adabu kuliko sisi kwenye semina," akasema. Akamgeukia bwana afya: "Andika sumu imesitishwa. Na huo ukuta tutaujenga na kwingine." Shangazi akatoa ile asante aliyokuwa ameiweka akiba, na ilikuwa ndefu. Safari hii mzee hakutazama saa.

Yakabaki mabati. Kisu hakuweza kuyatazama. Walioyaleta walikataa kuyarudisha kwao, kitu kikishatolewa kimetolewa. Siku ya mapumziko yao nilisikia nyundo upande wa mtaa wa shangazi. Nilipofika nilikuta wachinjaji wako juu ya nyumba yake, wanang'oa lile bati la zamani lililotoboka, na Kisu yuko kwenye kona anapigilia kwa makini kama anamfunika mtoto. Shangazi alikuwa uani, amesimama na beseni mikononi. Yule mama anayeshukuru hata meno alikosa la kusema, akabaki anatikisa kichwa, machozi yanamdondokea kwenye beseni.

Mvua kubwa ilipokuja nilikuwa kwake. Chumba kile nakijua. Nilipokuwa mdogo tulikipangia masufuria sakafuni kila mvua ilipoanza, na yeye alikuwa akihamisha godoro langu mahali pakavu, na pakavu pakiwa pa mtu mmoja tu, yeye alilala nje yake. Sasa masufuria yalikuwa yamepangwa jikoni, moja ndani ya jingine, na sakafu ilikuwa kavu mpaka kwenye kizingiti. Yeye alikuwa ameketi kitandani anatazama juu kwa macho yake mapya.

Nikasema asante. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa kelele, hakusikia. Nikainuka, nikaketi karibu naye, nikainamia sikio lake, nikarudia.